Baiskeli ya umeme ya milimani kwa hela ndogo: mota ya gurudumu, mota ya katikati, au shokapu mbele na nyuma?

Pale juu ya Olmotonyi, huku kwetu Arusha, ukishaiacha lami ya Ngaramtoni ukaingia kwenye msitu wa miti ya kupandwa, kuna kilima kimoja ambacho mimi ndo nakitumia kama mzani. Sio kirefu, dakika kumi hivi, ila kipande cha mwisho kimesimama kweli na juu yake kuna lile vumbi letu la Meru, jeusi, laini, tairi inazama kama kwenye majivu. Baiskeli tatu za umeme nimezipandisha pale, moja yangu na mbili za washkaji, zote fremu ya alumini, zote za bei ya chini ukizilinganisha na zile za kaboni. Na kwa kuwa kila wiki kuna mtu ananitumia picha ya tangazo anauliza kaka hii inafaa, nimeona niandike jambo lote kwa mkupuo mmoja, maana kwenye picha huwezi kuliona.

Nalinganisha aina tatu. Ya kwanza ni ile yenye mota ndani ya gurudumu la nyuma na shokapu mbele tu, mfano unaojulikana sana ni Rockrider E-ST 100 ya Decathlon, ina wati 250, torki (yani nguvu ya kuzungusha) newton-mita 42, betri ya wati-saa 380, shokapu inayozama milimita 100. Ya pili ina mota katikati, pale pedali zinapozungukia, shokapu bado mbele tu, chukua Cube Reaction Hybrid yenye mota ya Bosch Performance Line CX ya torki 85, betri kuanzia 500 mpaka 750 kutegemea toleo. Ya tatu ina mota ya katikati alafu shokapu mbele na nyuma, kwa alumini mlango wa kuingilia ni kama Giant Stance E+, na ukipanda juu kidogo unakutana na Trek Rail 5 yenye milimita 150 nyuma. Kwa bei za Ulaya ya kwanza inacheza kwenye euro elfu moja na kitu, ya pili kuanzia kama elfu mbili na nusu, ya tatu elfu nne na kuendelea ikiwa mpya, ingawa mwaka 2023 maduka mengi ya huko yalijaza mzigo kuliko wanunuzi kwaiyo ofa zikawa nyingi na za kweli.

Msimamo wangu nausema mapema ili usisome mpaka mwisho ukinisubiri: kwa hela ndogo, kwa mtu anayepanda njia za msituni na anaishi mbali na duka lenye fundi wa chapa husika, chukua ya pili. Lakini kuna watu wawili watatu ambao wangekosea wakinisikiliza, nao nitawafikia.

Tuanze na kupanda maana huku kila safari inaanza na kupanda, Arusha mjini tuko kama mita 1,400 na mlima Meru wenyewe unakwenda mpaka 4,566, ukitoka getini ni ama unaelekea juu ama unarudi. Chukua mtu wa kilo 80 na baiskeli ya kilo 23, jumla 103. Kwenye mwinuko wa asilimia 15, yani kila mita 100 za kwenda mbele umepanda 15, gurudumu la nyuma linataka torki kama 55 ili tu msirudi nyuma, bado vumbi na mawe hujayahesabu. Ile mota ya gurudumu ina 42 na hapo ndo imefika, haipiti kwenye gia, wewe ukibadilisha gia unaisaidia miguu yako tu, mota yenyewe iko vilevile. Mota ya katikati inatoa 85 pale kwenye pedali lakini nguvu yake inapita kwenye cheni, kwaiyo ukiwa na meno 34 mbele na 50 nyuma zile 85 zinafika kwenye gurudumu zikiwa 125. Tofauti yake ni kama gari lenye gia zote na gari lililokwama kwenye gia namba nne, tambarare utaona yote mawili yanakwenda, mlimani moja linaanza kutetemeka.

Alafu kuna joto, na hili ndo lililonifunza kwa hela yangu. Yangu ya kwanza ilikuwa ya mota ya gurudumu, chapa yake naiacha, nilinunua mtumba ikiwa na hali nzuri tu. Mota ya aina ile inapenda kuzunguka haraka, ukiishusha mpaka kilomita sita au saba kwa saa huku umeifungulia mpaka mwisho, umeme mwingi unageuka joto badala ya mwendo. Kwenye kile kilima changu ilikata mara mbili siku moja, nikadhani betri imeisha, kumbe inajilinda, nikakaa chini ya mti robo saa nasubiri chuma kipoe huku mama mmoja mwenye mzigo wa kuni kichwani ananipita taratibu anapandisha. Baada ya pale nikajua kuwa ile wati 250 iliyoandikwa haikuambii chochote kuhusu mlima, zote zinaandikwa 250 kwa sababu sheria ya Ulaya inataka ivyo, na msaada unakatika kwenye kilomita 25 kwa saa. Angalia torki na angalia inatokea wapi. Iyo 25 nayo isikusumbue, msituni kwenye mpando hufiki ata nusu yake, wala usikubali mtu akuuzie kifaa cha kuitoa, utapoteza waranti bila faida.

Ila niitendee haki. Kwenye njia ya tambarare, tuseme unatoka Sakina unaelekea Kisongo kwa pembeni pembeni, mota ya gurudumu ni raha tupu, kimya, na haili cheni kwa sababu nguvu yake haipiti huko. Siku moja cheni ilinikatikia mbali na nyumba, yangu ilikuwa na akseleta kama ya pikipiki, nikarudi nayo mpaka barabarani bila cheni kabisa, jambo ambalo mota ya katikati haiwezi hata ufanyeje. Na ikiharibika kuna nyaya, kontrola (kile kisanduku kinachoigawia mota umeme) na sensa, vitu ambavyo fundi anayejua umeme wa pikipiki za betri anavifungua anavielewa. Kontrola yangu ilipokufa niliagiza ya volti 36 kutoka Kariakoo, ikafika na basi, tukafunga, ikawaka.

Betri sasa. Kunyanyua kilo 103 mita 100 kwenda juu kunakula wati-saa 28 za nguvu tupu, iyo ni fizikia na haijali chapa. Ongeza tairi pana, vumbi na hasara ya mota yenyewe, alafu toa ule mchango wa miguu yako, kwa mahesabu yangu mtu anayepiga pedali vizuri akichangia nusu, betri inatoa kama 20 mpaka 25 kwa kila mita 100. Maana yake betri ya 500 inakupandisha karibu mita 2,000 kwa siku, iyo ni siku nzima ya kutosha kabisa. Ukiweka msaada wa juu kabisa muda wote, betri ileile inaishia kama mita 1,300. Ile ya 380 kwenye makaratasi inafika 1,500 lakini kwa mota ya gurudumu kwenye mwinuko mkali toa kiasi cha kutosha kwa sababu ya lile joto. Kwaiyo mtu asikutishe kuwa bila 750 huendi popote, betri kubwa ina uzito pia, PowerTube 500 ya Bosch ni kilo tatu kasoro kidogo na ile ya 750 inapita kilo nne, na uzito huo unaubeba wewe siku ukikuta mti umelala njiani ukalazimika kunyanyua baiskeli yote. Kuchaji siongezi maneno, betri ya 500 haimalizi ata uniti moja ya umeme, na kwa chaja ya kawaida ya ampea nne ni saa nne na nusu hivi. Shida ni siku umeme ukikatika jioni na wewe kesho alfajiri una safari, mimi nachaji nikirudi tu, sisubiri.

Kushuka ndo eneo ambalo ile ya tatu inazipiga mbili zote bila ubishi, na sitaki kumdanganya mtu hapa. Baada ya masika tope likikauka linabaki na nyayo za ng'ombe, mashimo madogo magumu kama saruji kwa mamia ya mita, alafu mizizi, alafu mawe ya volkano yenye ncha. Kwenye shokapu ya mbele tu unasimama kwenye pedali, magoti yanafanya kazi ya shokapu ya nyuma, ukifika chini mgongo unauma na macho yanaona mbili mbili. Niliposhuka njia ileile na ile ya mshkaji wangu yenye shokapu mbili nilishangaa, tairi ya nyuma imeganda chini, breki inashika pale unapotaka, nilikuwa naangalia mandhari! Na sio kushuka tu, ata kupanda kwenye mawe inashinda kwa sababu gurudumu la nyuma halirukiruki, mota inapata kitu cha kusukuma. Kwa mtu aliyepita miaka 50, au mwenye mgongo wenye historia, hii peke yake ni sababu tosha ya kuongeza hela.

Lakini sasa uliza inatunzwaje. RockShox, watengenezaji wa shokapu, wanasema miguu ya chini ya shokapu ya mbele ifunguliwe, isafishwe na kuwekwa oili mpya kila saa 50 za kuendesha, na shokapu ya nyuma ya hewa nayo ina kopo lake la hewa linalotaka kufunguliwa kwa saa hizohizo. Saa 50 kwa mtu anayetoka kila wikiendi ni miezi mitatu minne. Mbele unaweza kujifunza mwenyewe, nimejifunza, inahitaji funguo chache, sili mpya na uvumilivu. Nyuma kuna hewa yenye presha kubwa, kuna vifaa vyake maalum, na pale kwenye maungio ya fremu kuna beringi kadhaa ndogo ambazo vumbi la Meru linaingia kama limealikwa. Ile ya mshkaji baada ya msimu mmoja ilianza kulia kwii kwii kila akikanyaga, tukafungua, beringi mbili zimekufa kabisa, size yake tukaizungusha mjini siku mbili ndo tukaipata kwenye duka la beringi za mashine, bahati ilikuwepo. Shokapu ya nyuma ilipoanza kuvuja hewa hapakuwa na duka la beringi la kutuokoa, ilisafiri Nairobi ikakaa huko wiki tano, na baiskeli ya mamilioni ikakaa imeegeshwa ukutani.

Kuna kitu kingine kuhusu shokapu mbili za bei ya chini, hela haikai sehemu mbili. Mtengenezaji akiweka shokapu ya nyuma na bado anataka bei iwe ileile, lazima apunguze mahali, na mara nyingi anapunguza kwenye breki, kwenye shokapu ya mbele na kwenye rimu. Kwaiyo usilinganishe picha mbili za bei moja ukasema hii ina shokapu nyingi zaidi, fungua orodha ya vifaa usome breki kwanza.

Na breki ndo naomba usikilize kuliko yote. Wewe na baiskeli mnapita kilo mia, mnashuka kwa dakika kumi mfululizo, breki za diski za waya hazitoshi, ziwe za mafuta, na mbele diski iwe ya milimita 203 yenye kaliipa (kile kibano cha diski) ya pistoni nne kama bajeti inaruhusu. Baiskeli nyingi za bei ya chini zinakuja na 180 na pistoni mbili, zinashika vizuri pale dukani, kwenye mteremko mrefu mkono wa breki unaanza kulainika na kukaribia usukani. Kubadilisha diski na adapta sio hela nyingi, iweke kwenye bajeti toka siku ya kwanza. Jambo dogo la huku kwetu: breki za Shimano zinatumia oili ya madini ambayo kuipata ni kuagiza, wakati breki nyingi za SRAM zinatumia DOT 5.1 na DOT 4 inakubali, ile ile ya magari iliyopo kila duka la spea. Usichanganye, oili moja ikiingia kwenye mfumo wa nyingine inaharibu mipira yote ya ndani.

Cheni. Mota ya katikati inakula cheni, sikufichi, zile torki 85 pamoja na miguu yako zinapita kwenye kiungo kimoja kidogo. Nunua kile kipimo cha cheni, ikifika 0.5, yani imerefuka nusu asilimia, toa, ukichelewa inakula na kaseti, yale meno ya gurudumu la nyuma, na hapo ndo utalia. Na hapa bei nafuu inageuka kuwa faida, kwa sababu nyingi zinakuja na gia 9 au 10 badala ya 12, cheni zake zinapatikana na hazina bei ya kutisha. Ukiona imeandikwa Shimano Cues, ile iliyotoka 2023, furahi, kaseti zake za Linkglide zimetengenezwa zidumu na Shimano wenyewe wanadai zinaishi mara tatu ya zile za kawaida. Mimi naichukua iyo kuliko gia 12 zinazong'aa.

Watu wananiuliza pia kama alumini sio ya kienyeji na kama wasubiri kaboni. Kwa njia zetu alumini inanifaa zaidi, ikigongwa na jiwe inabonyea unaona, kaboni inaweza kuvunjika ndani huku nje inang'aa. Ila ijue tabia yake, alumini haitoi onyo refu kama chuma, ufa unaanzia kwenye welding, hasa pale bomba la chini linapokutana na kichwa cha fremu na pale karibu na mota. Osha baiskeli, pitisha kidole na tochi. Na ikipasuka usimpelekee fundi wa mageti, alumini ya 6061 inataka welding ya gesi ya argoni na baada ya hapo fremu nzima ipikwe upya kwenye tanuru ili irudishe nguvu, bila ivyo pembeni ya kile kiraka panabaki laini, na patakatika ukiwa kwenye mteremko.

Sasa kununua, maana wengi tunaletewa na ndugu au tunachukua mtumba. Betri hizi hazipandi ndege ya abiria, mwisho ni wati-saa 160 na hiyo kwa kibali, yako ni mara tatu yake. Nimeona mtu kaja na baiskeli nzuri kutoka Ujerumani, betri imebaki uwanja wa ndege huko huko. Inakuja kwa meli kama mzigo wa hatari, kwaiyo muulize wakala mapema kama anaupokea, na betri isafiri ikiwa na chaji ya katikati, sio tupu, kwa sababu betri tupu ikikaa miezi kwenye kontena inalala na nyingine haziamki tena.

Kwa Bosch ya mtumba kuna mitego miwili. Mwishoni mwa 2021 walileta mfumo mpya, na vifaa vya mfumo mpya na wa zamani havisikilizani, kwaiyo usinunue baiskeli yenye mfumo wa zamani ukijipa moyo utaiwekea betri ya 750 baadaye. Wa pili, mfumo mpya una kufuli la kwenye simu, muuzaji aitoe baiskeli kwenye akaunti yake mbele yako, asipofanya ivyo unaweza kubaki na kilo 24 za kusukuma kwa miguu. Na betri nyingine yoyote isiyo ya Bosch haitaongea na ile mota, huo ndo udhaifu mkubwa wa aina ya pili na ya tatu na sitaki kuupunguza, mota ikifa inabadilishwa nzima na inasomwa kwa kompyuta ya wakala. Nimeukubali udhaifu huo kwa sababu mota hizi zimefungwa vizuri, hazipitishi vumbi wala mvua kirahisi, na yule mshkaji mwenye ya aina ya pili amepita masika mawili akibadilisha cheni, pedi na tairi tu.

Wale ambao wasinisikilize ni hawa. Kama njia zako ni tambarare na kilima kimoja kidogo, na unataka kitu fundi wa mtaani anaweza kukifungua, chukua mota ya gurudumu na ubaki na hela yako. Kama unashuka mawe kweli kila wiki, mgongo unakusumbua, na una hela ya kuinunua na nyingine ya kuitunza, chukua shokapu mbili, ila nunua na beringi na sili za akiba siku hiyohiyo. Waliobaki, yani wengi wetu, ya pili, alafu ile hela uliyookoa kwenye shokapu ya nyuma iweke kwenye diski ya 203, tairi za inchi 2.4 au 2.6 zisizotumia tyubu, zikiwa na ile gundi ya ndani, maana miiba ya migunga haina huruma, na siti ya kushuka kwa kitufe. Tairi pana ukizipiga presha ya psi 22 hivi zinakupa sehemu ya ile raha ya shokapu ya nyuma bila beringi hata moja. Shokapu ya mbele hakikisha ni ya hewa, sio springi ya chuma, ili uipime kwa uzito wako.

Siku ya kwenda kuiona nenda na pampu na tochi. Iwashe, angalia kilomita kwenye kioo, panda mlima nayo dakika tano mfululizo kwa msaada wa juu kabisa, shuka, weka mkono karibu na mota, sikiliza kama inakwaruza. Shika breki ya mbele usukume baiskeli mbele nyuma, ikigonga kwenye kichwa cha fremu beringi zimelegea. Muuzaji akikataa usipande mlima, rudi nyumbani na hela yako.